Kirusi cha RNA Ndani ya Seli ya Binadamu: Hotuba kwa Walimu wa Baiolojia na Maofisa Mifugo, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa sayansi kutoka Kondoa, Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na hapa mjini, maofisa mifugo mliokubali kuacha minada na majosho yenu kwa asubuhi moja, mabibi na mabwana, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie namna virusi vya RNA vinavyojizalisha na kutengeneza protini ndani ya seli za binadamu. Mada hii ingeweza kuelezwa kwa kutumia virusi vya mbali, ambavyo wengi wetu tutaishia kuviona kwenye michoro ya vitabu tu. Nimeona ni afadhali nitumie zaidi kirusi ambacho mkoa huu unakijua kwa machungu yake, yaani kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua zilizopita kiasi, ugonjwa huo ulizuka kaskazini mashariki mwa Kenya, na mwanzoni mwa 2007 ukaingia nchini kwetu. Miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyopata wagonjwa, Dodoma ndiyo iliyoongoza. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha nchini kabla mlipuko huo haujatulia katikati ya mwaka, na wafugaji waliokuwa na mazizi wakati ule hawajasahau jinsi kondoo na mbuzi walivyotupa mimba kwa mkupuo ndani ya siku chache, wala jinsi bucha zilivyokosa wateja. Nitatumia pia kirusi cha chikungunya, ambacho nacho kina historia yake nchini humu, na vingine nitavipitia kwa haraka.

Hoja yangu ni moja. Seli ya binadamu ina uwezo mkubwa sana wa kusoma RNA na kutengeneza protini kutokana na maelekezo yake, lakini haina mtambo maalumu wa kunakili RNA kutoka kwenye RNA nyingine. Kirusi cha RNA huazima uwezo wa kwanza na kujitengenezea uwezo wa pili. Mtu akiushika ukweli huo, mambo mengi ambayo wanafunzi wetu huyakariri bila kuyaelewa yanajipanga yenyewe: kwa nini baadhi ya virusi huingia vikiwa vimebeba vimeng'enya vyao na vingine huingia mikono mitupu, kwa nini hubadilika haraka, kwa nini dawa za bakteria hazivigusi, na kwa nini zipo dawa chache zinazovizuia bila kumdhuru sana mgonjwa.

Naomba pia tupunguze, hasa darasani, lugha ya vita. Chembe ya kirusi ikiwa nje ya seli haili, haipumui, haikui na haina nia yoyote. Ni maelekezo yaliyofungwa ndani ya protini na, kwa baadhi ya virusi, ndani ya utando wa mafuta. Mwanafunzi anayewazia askari na mikuki hataiona kazi halisi inayofanyika, ambayo ni kazi ya kusoma na kunakili.

Tuanze na seli yenyewe ikiwa na afya. Maelekezo yake ya kudumu yamehifadhiwa kwenye DNA ndani ya kiini. Protini fulani inapohitajika, kimeng'enya kiitwacho polimerasi husoma sehemu husika ya DNA na kutengeneza nakala ya RNA, iliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, U, G na C, ambayo tunaiita RNA mjumbe. Kabla nakala hiyo haijatoka kwenye kiini hufanyiwa mambo mawili ambayo nawaomba myaweke akilini, kwa sababu tutayahitaji mbele: ncha yake ya mbele huvishwa kofia, yaani herufi moja ya G iliyogeuzwa na kuongezewa kikundi cha methili, na ncha yake ya nyuma huongezewa mkia mrefu wa herufi A. RNA isiyo na kofia kwa kawaida haipokelewi na ribosomu, yaani mtambo wa seli unaosoma RNA na kutengeneza protini, na vimeng'enya vinavyosafisha seli huitafuna upesi.

Ribosomu zimetapakaa kwa mamilioni katika saitoplazimu, ile sehemu ya seli iliyo nje ya kiini. Ribosomu hupandia RNA kwenye kofia, husogea hadi inapokuta herufi tatu AUG, na hapo huanza kusoma tatu tatu bila kuruka. Kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja kati ya 20, na makundi matatu, yaani UAA, UAG na UGA, huiamuru iache. Utaratibu huu ni uleule kwa seli ya ini, ya ngozi au ya ubongo, na haukuwekewa ukaguzi wowote wa asili ya RNA inayosomwa. Mashine ya kusaga pale soko la Majengo haiulizi uwele ni wa nani. Ukishamiminwa, inasaga, na unga unatoka. Ribosomu nayo, ikiletewa RNA yenye kofia na yenye AUG mahali pake, itatoa protini, iwe ya kujenga damu ya mtu huyo au ya kujenga kirusi.

Hapo ndipo kirusi kinapopata nafasi, na hapo hapo kinapokwama. RNA za seli hutokana na DNA. Seli haina haja ya kuchukua RNA mjumbe na kuitolea nakala nyingine ya RNA, kwa hiyo haikujiwekea kimeng'enya cha kazi hiyo. Kirusi ambacho jenomu yake, yaani seti nzima ya maelekezo yake, ni ya RNA kikiingia humo kitakuta ribosomu, asidi amino, nishati na herufi za kujengea, lakini hakitakuta wa kukinakilia jenomu yake. Kimeng'enya kinachosoma RNA na kuandika RNA, ambacho leo nitakiita kwa kifupi polimerasi ya kirusi, lazima kirusi chenyewe kiwe na maelekezo yake. Karibu virusi vyote vya RNA vinayo, isipokuwa familia ya VVU ambayo imefuata njia nyingine kabisa.

Linalobaki ni suala la mpangilio: polimerasi hiyo itapatikana lini, kabla ya kuingia au baada ya kuingia? Jibu linategemea RNA ya kirusi imeandikwa kwa upande gani.

Kirusi cha chikungunya kilitambuliwa kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Jenomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,800, ulioandikwa kwa upande uleule ambao ribosomu huusoma, ukiwa na kofia mbele na mkia wa A nyuma. Uzi wa aina hii tunauita chanya. Ukishaingia kwenye saitoplazimu, ribosomu ya kwanza kuukuta huanza kuusoma kama inavyosoma RNA mjumbe yoyote ya seli, kwa hiyo polimerasi hutengenezwa papo hapo na hakuna haja ya kuibeba. Ndiyo maana maabara ikisafisha RNA ya kirusi cha namna hii, ikaondoa protini zote na kuiingiza RNA tupu ndani ya seli, virusi kamili hutoka.

Kinachotengenezwa kwanza ni protini ndefu ambayo kimeng'enya kilichomo ndani yake chenyewe huikata hadi kupata vipande vinne. Kipande cha nne ndicho polimerasi. Kwa kusaidiana na wenzake, kinaunda vifuko vidogo kwenye utando wa seli, na ndani ya vifuko hivyo uzi chanya hunakiliwa kuwa uzi hasi, yaani ulioandikwa kwa upande wa kinyume, kisha uzi hasi hutumika kutolea nyuzi chanya nyingi. Kufanyia kazi hiyo mafichoni kuna maana yake. RNA ya nyuzi mbili ndefu zilizoshikamana si kitu cha kawaida katika saitoplazimu ya seli yenye afya, na seli ina protini kadhaa zinazoitambua kama dalili ya hatari.

Hata hivyo, protini za kujengea chembe mpya bado hazijapatikana. Maelekezo yake yako katika theluthi ya mwisho ya uzi, na ribosomu iliyoanzia mbele ikishakutana na amri ya kuacha haiendelei hadi huko. Tatizo hili si la chikungunya peke yake, kwa sababu ribosomu za binadamu kwa desturi hutoa protini moja kwa kila RNA, na kila kirusi hulazimika kutafuta njia ya kupata nyingi. Chikungunya huzalisha RNA ya pili, fupi, yenye kofia yake, inayoanzia pale theluthi ya mwisho inapoanzia. Kirusi cha polio, chenye herufi zipatazo 7,500, huandika kila kitu katika protini moja ya asidi amino zipatazo 2,200 na kuikatakata baadaye. Polio pia haina kofia kabisa: sehemu ya mbele ya RNA yake imejikunja katika umbo linaloivuta ribosomu moja kwa moja, na kimojawapo cha vimeng'enya vyake hukata protini ya seli inayoiunganisha kofia na ribosomu. RNA za mgonjwa zinakosa wa kuzisoma, na ile ya kirusi inaendelea kusomwa. Kwangu mimi hii ndiyo hila safi kuliko zote katika somo zima, lakini nisipojizuia hatutafika Bonde la Ufa.

Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa ni cha upande wa pili. RNA yake ni hasi. Naomba tuandike ubaoni kipande kidogo, kuanzia ncha ambayo polimerasi husomea: UAC CGA. Hayo si maelekezo ambayo ribosomu inaweza kuyatumia, kwa sababu hakuna AUG ya kuanzia, na hata RNA yenyewe haina kofia. Sasa tutoe nakala kwa kanuni ya kawaida, A kwa U na G kwa C. Tunapata AUG GCU. AUG ni amri ya kuanza na asidi amino methionini; GCU ni alanini. Ujumbe ulikuwamo muda wote, lakini ulikuwa upande ambao seli haiwezi kuusoma mpaka mtu augeuze, na wa kuugeuza, kama tulivyosema, hayumo ndani ya seli. Ukiingiza RNA tupu ya kirusi hiki ndani ya seli hakuna kitakachotokea. Kwa sababu hiyo, kila chembe yenye uwezo wa kuambukiza lazima iwe imepakia polimerasi iliyokwisha kutengenezwa katika seli iliyotangulia. Surua, kichaa cha mbwa, mafua ya influenza, Ebola na Marburg, ambayo Kagera iliipata mwaka 2023, vyote viko katika kundi hili la hasi.

Jenomu ya kirusi chetu imegawanyika katika vipande vitatu vya RNA, ambavyo kwa ukubwa wake vinaitwa L, M na S. Cha kwanza kina herufi zipatazo 6,400, cha pili 3,900 na cha tatu 1,700. Jumla ni kama 12,000, ikilinganishwa na bilioni tatu hivi za seti moja ya DNA ya binadamu. L hubeba maelekezo ya polimerasi peke yake. M hubeba ya protini mbili za nje, Gn na Gc, pamoja na nyingine ndogo. S hubeba ya protini N, inayoifunika RNA kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ya protini NSs, ambayo haimo katika muundo wa chembe lakini ndiyo yenye madhara makubwa, na nitairudia.

Tuchukue sasa mchinjaji wa kijijini, chini ya mti, anayechinja kondoo aliyekuwa na homa, na kidoleni ana mkwaruzo ambao hata hajauona. Damu ya mnyama huyo inaweza kuwa na chembe nyingi mno katika tone moja. Chembe hunata kwenye uso wa seli. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba protini ya seli iitwayo Lrp1 ni mojawapo ya zile inazozishika. Seli huimeza chembe ndani ya kifuko, kama inavyomeza vitu vingine vingi kila siku, na kifuko kinapoingia ndani zaidi huongezeka asidi. Asidi hiyo huibadilisha umbo protini Gc, nayo huchoma utando wa kifuko na kuuunganisha na utando wa kirusi. Vipande vitatu vya RNA, vikiwa vimevaa N na vikiwa na polimerasi zake, humwagika kwenye saitoplazimu. Havielekei kwenye kiini. Kazi yote ya kunakili hufanyikia hapo hapo nje.

Polimerasi huanza kutoa RNA mjumbe, lakini inakabiliwa na ugumu mmoja: kofia hutengenezwa ndani ya kiini, na kirusi hakina kimeng'enya cha kuitengeneza. Inachofanya ni kukamata RNA mjumbe ya seli yenyewe, kuikata herufi kumi na kitu kutoka kwenye kofia, na kukitumia kipande hicho kidogo kama mwanzo wa kuandikia ujumbe wake. Kwa hiyo ukisoma RNA mjumbe za kirusi hiki kutoka kwa mgonjwa, utakuta kila moja inaanza na kipande tofauti kilichonyofolewa kutoka kwa RNA ya mtu huyo, kisha ndipo linapokuja neno la kirusi. Ribosomu inaona kofia halali na kuanza kazi. Na zile RNA za seli zilizokatwa vichwa hazitasomwa tena.

Ribosomu zinazosoma ujumbe wa M haziishii kwenye saitoplazimu wazi. Protini inayotoka ina alama ya kuifunga ribosomu kwenye mtandao wa utando ulio ndani ya seli, na kadiri inavyotengenezwa ndivyo inavyopenyezwa humo, ambamo vimeng'enya vya seli, si vya kirusi, huikata kutoa Gn na Gc na kuzipachika sukari. Kisha zote mbili hupelekwa hadi vifuko vya Golgi, sehemu ambayo seli hufungashia protini zake, zinapotuama. Wakati huohuo ujumbe wa S unatoa protini N kwa wingi. N ndiyo inayoamua kasi ya hatua inayofuata, kwa kuwa nakala kamili ya jenomu, tofauti na RNA mjumbe, lazima ifunikwe na N kadiri inavyoandikwa. Ukizuia utengenezaji wa protini katika hatua hiyo, unakiliji wa jenomu nao hufifia. Polimerasi huandika kwanza nakala ya kinyume ya kila kipande, kisha kutokana na hiyo huandika nakala mpya za hasi.

Kipande S kina ajabu yake. Nusu yake, yenye N, imeandikwa kwa upande hasi kama vipande vingine, lakini nusu yenye NSs imeandikwa kinyume, hivi kwamba RNA mjumbe ya NSs haipatikani mpaka nakala ya kinyume ya S iwepo. Mtu angetarajia basi NSs ichelewe kutokea. Haichelewi, kwa sababu kirusi hiki hupakia pia baadhi ya nakala za kinyume za S ndani ya chembe zake, na polimerasi huanza kuzisomea pale inapotua.

Haraka hiyo ina sababu. Seli iliyoambukizwa ina njia mbili kubwa za kujitetea. Ya kwanza ni kutoa interferoni, protini iliyogunduliwa mjini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ambayo huzitahadharisha seli jirani zijiandae. Ya pili inahusu moja kwa moja mada yetu: protini iitwayo PKR, ikikuta RNA ya nyuzi mbili, huzima kianzishi ambacho ribosomu zote hukihitaji, na utengenezaji wa protini katika seli nzima husimama. Seli hukubali kujinyima ili kirusi nacho kikose. NSs huvunja njia zote mbili. Ingawa kirusi hunakiliwa nje ya kiini, NSs huingia ndani ya kiini, hujipanga kuwa nyuzi zinazoonekana kwa hadubini, na kuvuruga mtambo unaotoa RNA mjumbe za seli, ile ya interferoni ikiwamo. Vilevile huisababisha PKR ivunjwevunjwe, na hivyo ribosomu zinaendelea kusoma.

Ushahidi wake tunao katika chanjo. Kuna kirusi kiitwacho Clone 13, kilichotokana na sampuli ya mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyeugua kidogo tu, ambacho kimepoteza sehemu kubwa ya maelekezo ya NSs. Polimerasi yake ni nzima, N yake ni nzima, hujizalisha vizuri katika seli zisizo na interferoni, lakini katika mnyama mwenye kinga yake kamili hudhibitiwa kabla ya kuleta ugonjwa, na mnyama hubaki na kingamwili. Imetumika kama chanjo ya mifugo nchini Afrika Kusini. Chanjo ya zamani ya Smithburn, iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa Uganda katika miaka ya 1940, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na maofisa mifugo mnajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mfugaji achanje kundi ambalo nusu yake lina mimba. Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Mwisho wa safari ndani ya seli ni mfupi. Vipande vilivyofunikwa na N husogea kwenye Golgi, hukutana na mikia ya Gn na Gc iliyojitokeza nje ya utando, hujifungia ndani, na chembe mpya hutoka kupitia njia ileile ambayo seli hutolea protini zake. Utando unaozifunika ni mafuta yaliyochukuliwa kwa seli, na ndiyo sababu sabuni ya kawaida, inayoyeyusha mafuta, inaziharibu. Ninapowaona vijana wakimsaidia mbuzi aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, ilhali maji na sabuni viko hatua chache tu pale kwenye nyumba, nasikitika, maana kondo la nyuma na kijusi kilichotupwa ndivyo vitu vyenye virusi vingi kuliko karibu kitu kingine chochote zizini.

Niseme kidogo kuhusu makosa ya kunakili. Polimerasi za virusi vya RNA kwa kawaida hazihakiki zinachokiandika, na hukosea kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa kati ya mara moja katika herufi 10,000 na mara moja katika herufi 1,000,000. Nakala nyingi zenye makosa hufa. Mara chache moja huwa na bahati. Katika mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2005 na 2006 kwenye kisiwa cha Réunion, badiliko la herufi moja, C kuwa U, lilibadilisha asidi amino ya 226 ya protini E1 kutoka alanini kuwa valini, na kirusi hicho kikaweza kuenezwa kwa urahisi zaidi na mbu wa jamii ya Aedes albopictus. Virusi vya korona, vyenye herufi karibu 30,000, ni vya kipekee kwa kuwa vina kimeng'enya cha kuhakiki. Kirusi cha Bonde la Ufa kwa upande wake hakijabadilika sana tangu kijulikane, na maelezo ya kawaida ni kwamba kila badiliko hulazimika kufaa katika mbu na katika mnyama pia.

Vile vilivyobaki navitaja tu. Kirusi cha influenza ni hasi, kina vipande vinane, na tofauti na chetu hufanyia kazi ndani ya kiini, ambako pia hunyofoa kofia. Rota, inayowaharisha watoto, ina vipande 11 vya nyuzi mbili na haivifungui kamwe. Hunakili ikiwa ndani ya ganda lake. VVU vina RNA, lakini badala ya kunakili RNA kwa RNA huigeuza kuwa DNA na kuipachika katika DNA ya mgonjwa, kisha kuiachia seli yenyewe kazi ya kuitoa upya. Kimeng'enya hicho cha kugeuza kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake.

Sasa nirudi kwa maofisa mifugo, maana kuna desturi ambayo lazima tuizungumze. Mnyama akipata homa, wafugaji wengi humchoma oksitetrasaiklini. Dawa hiyo huziba ribosomu za bakteria, ambazo umbo lake linatofautiana na la ribosomu za mnyama na za binadamu. Kirusi hakina ribosomu. Kinatumia za mnyama mwenyewe, zile zile ambazo dawa imetengenezwa isiziguse. Sindano hiyo haiwezi kuzuia homa ya Bonde la Ufa hata ikirudiwa mara ngapi, na mfugaji hulipa gharama na kubaki na bakteria wanaozoea dawa. Sehemu inayoweza kulengwa bila kuiumiza seli ni ile ambayo seli haina, yaani polimerasi ya kirusi, na ndivyo zinavyofanya kazi sofosbuvir kwa homa ya ini aina ya C na remdesivir kwa virusi vya korona: hujifanya herufi ya kujengea, polimerasi huipachika, na uandishi hukwama.

Walimu nao huulizwa sana kuhusu chanjo za RNA za UVIKO-19, ambazo msingi wake uliwapatia Katalin Karikó na Drew Weissman Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Jibu liko katika haya tuliyoyapitia. RNA ya chanjo hizo ina kofia, mkia na maelekezo ya protini moja ya nje ya kirusi. Ribosomu huisoma. Maelekezo ya polimerasi hayamo, kwa hiyo hakuna wa kuinakili, na seli huivunja kama inavyovunja RNA mjumbe zake yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyeelewa tofauti hiyo anaweza kumweleza bibi yake kwa Kiswahili cha kawaida, na hilo lina thamani kuliko bango.

La mwisho ni sampuli. Mvua zikizidi na mbuga zikifurika, mayai ya mbu wa Aedes yaliyokaa kwenye udongo mkavu huanguliwa, na baadhi yake huwa tayari yana kirusi kilichorithiwa kutoka kwa mama. Ndipo mtakapoanza kupigiwa simu za mimba kutupwa. Kipimo cha maabara huanza kwa kuigeuza RNA ya kirusi kuwa DNA, kwa kutumia kimeng'enya cha aina ileile iliyogunduliwa 1970, kwa kuwa mashine ya kipimo huzidisha DNA tu. Lakini RNA ni dhaifu; joto na vimeng'enya vilivyomo ndani ya damu yenyewe huikatakata kabla haijafika. Damu iliyopanda pikipiki kutoka kijijini saa saba mchana bila barafu inaweza kupata jibu la kutokuwa na kirusi hata kama mbuzi aliyetolewa damu hiyo alikuwa nacho. Naomba basi kila wilaya ijue leo, kabla mvua za Desemba hazijaanza, boksi lake la barafu liko wapi na nani ana ufunguo wake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali yanakaribishwa.